Ng'ombe Aliyepita kwa Namba ya Mwenzake

Alistair Heenan hakunipigia simu ili nimtengenezee mashine. Alipiga ili nimpatie ushahidi. Alisema hivyo hivyo, asubuhi ya Jumatatu, kabla sijamaliza kuvua koti lililolowa: mashine yake haina tatizo lolote, inafanya kazi vizuri kuliko watu aliowaajiri, ila anataka mtu wa kampuni afike shambani kwake Hedgehope, atoe kumbukumbu za wiki nzima iliyopita, azichape na kuzitia sahihi. Jumatano asubuhi alikuwa na kikao na msimamizi wa mifugo wake, na hakutaka kubishana na mtu bila karatasi mkononi.

Mimi naitwa Ngaire. Kampuni yetu hapa Invercargill ni ya watu wachache, na kati yao mimi ndiye ninayetumwa mvua ikinyesha, maana yake natumwa karibu kila mara. Tunatengeneza kisanduku kinachofungwa kwenye geti la banda la kukamulia. Ng'ombe anapita, kisanduku kinasoma hereni ya sikioni mwake, geti linaamua: mzima aende kukamuliwa, mwenye dawa mwilini apelekwe zizi la pembeni, akamuliwe mwisho na maziwa yake yamwagwe. Ndani ya kisanduku kuna programu iliyoandikwa kwa C, lugha ya zamani isiyombembeleza mtu. Ukiiambia iruke shimoni, inaruka, wala haikuulizi mara mbili. Nimeifanyia kazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kusema kweli nimeichoka, ila umri wangu si wa kuanza kujifunza nyingine.

Yaliyompata Alistair yalikuwa yameshazagaa mkoa mzima wa Southland. Ijumaa gari la kiwanda lilikusanya maziwa kwake na kwa majirani zake, yakapimwa, yakakutwa na dawa ya antibiotiki. Mzigo mzima ukamwagwa, na maziwa ya majirani humo humo. Huku kwetu mtu husamehewa mengi. Anaweza kulewa kwenye harusi ya binti yake, anaweza kugonga uzio wa mwenzake kwa trekta, na mambo yakaisha kwa kicheko. Lakini ukichafua maziwa ya jirani, kila ukiingia dukani utaangaliwa kwa jicho la pembeni mpaka ufe.

Aliyebebeshwa lawama alikuwa Rodel Macaraeg, Mfilipino wa Pangasinan, msimamizi wa mifugo wa Alistair. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa na kazi hiyo hiyo, na nyumba wanayoishi ni ya shamba. Akifukuzwa kwa uzembe hakuna mfugaji atakayemchukua, basi yeye na mkewe Marivic na binti zao wawili watapanda ndege kurudi kwao. Alistair alinieleza yote haya bila chuki, kwa sauti ya mtu anayepanga ratiba yake ya wiki, na hilo ndilo lililonikera.

Jumanne nikaenda. Upepo ulikuwa wa kusini wenye baridi kali, ule unaopenya kwenye mishono ya koti, na njia ya kuingia shambani ilikuwa tope tupu. Nilivaa gambuti ndani ya gari huku magoti yakinilalamikia. Alistair alikuwa ananisubiri mlangoni mwa banda, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, ana haraka ya kumaliza. Nilimuuliza kama bado wanawapaka rangi nyekundu ng'ombe wenye dawa, maana kila shamba nilijualo hupaka rangi, au hufunga utepe mguuni, ili mkamuaji aone kwa macho yake. Akanijibu kwamba tangu aweke mashine aliacha kununua rangi. Alinunua mashine ya nini, akauliza, kama bado anatakiwa apake rangi? Muuzaji ni mimi, basi nikageukia kisanduku.

Nikachapa kumbukumbu. Zilikuwa fupi na zilikuwa mbaya. Jumatatu ya wiki iliyopita, ng'ombe 47 kachomwa dawa. Jumatano, ng'ombe 47 tena, kachomwa dawa. Ijumaa alfajiri, ng'ombe 47 amepona, alama ifutwe. Basi. Ng'ombe 473, ambaye daktari wa mifugo alimkuta na kiwele kilichovimba na dawa ingali mwilini, hakutajwa mahali popote. Kwa mashine, ng'ombe huyo hajawahi kuugua maishani mwake.

Alistair akaigonga ile karatasi kwa kidole. Alikuwa ameshajua kilichotokea, akasema. Rodel alimchoma dawa 473 siku ya Jumatano, akaja kwenye kisanduku na usingizi wake, akabonyeza nne na saba, akaenda zake. Kosa la mtu aliyechoka. Hata yeye hajawahi kusema Rodel ni mtu mbaya.

Rodel mwenyewe akaingia wakati huo, kaloa chapachapa, akaivua kofia yake kuniamkia. Ni mtu mwembamba, wa kusema polepole, na siku hiyo alizidi kuwa polepole. Alistair akamtaka anieleze mimi alichomweleza yeye. Rodel akaeleza kwamba ng'ombe waliougua walikuwa wawili. Wa kwanza ni 47. Wa pili ni 473. Kila mmoja alimwandikisha siku aliyomchoma, na Ijumaa alipofuta, alimfuta 47 peke yake, kwa sababu siku zake za dawa zilikuwa zimekwisha.

"Nilibonyeza nne, saba, tatu, mama," akaniambia. "Taa ya kijani ikawaka."

"Karatasi inasema hapana," Alistair akasema.

Rodel akaitazama ile karatasi kwa muda. Akasema pengine kweli alikosea. Kisha akasema hapana, hakukosea. Niliona dhahiri kwamba maneno hayo yote mawili alikuwa ameshajiambia mara nyingi kitandani, mpaka hajui tena lipi analiamini.

Ningeweza kuondoka hapo hapo. Kazi niliyoitiwa ilikuwa imekwisha na nilikuwa na njaa. Lakini saa nane mchana ng'ombe huja kukamuliwa, na mimi nina tabia moja niliyofundishwa na kazi hii: sitii sahihi kitu kilichosemwa na mashine mpaka niione ikikisema. Basi nikasimama kando ya geti, mvua ikinipiga shingoni, ng'ombe wakaanza kupita mmoja mmoja kwenda kupanda sahani kubwa ya zege inayozunguka, ambayo hukamuliwa juu yake. Kila mmoja akipita, kwenye kioo kidogo cha kisanduku inatokea namba yake. Hakuna anayekisoma kioo hicho. Mkamuaji huangalia viwele, na Alistair huangalia saa.

Mimi nilikisoma. Ilikuwa kazi ya kuchosha, sikio, kioo, sikio, kioo, na vyote vilikuwa vinakubaliana. Kisha akapita mmoja mwenye doa jeupe usoni, hereni yake ya njano imeandikwa 476. Kioo kikaandika 47. Nikadhani ni macho yangu. Wakapita wengine, na vyote vikakubaliana tena. Kisha akaja 471, na kioo kikaandika 47. Nikashika ubao wa geti. Baadaye akaja 47 mwenyewe, ng'ombe mzee, mdogo, wa rangi ya udongo, akapita kwa madaha, na kioo kikaandika 47, safari hii kwa haki.

Nikamuuliza Alistair yule mzee mdogo ametoka wapi. Akasema alimnunua Siku ya Kuhama. Hiyo ni tarehe mosi Juni, siku ambayo nusu ya wafugaji wa Southland huhamisha mifugo na vyombo vyao kutoka shamba hili kwenda lile, na barabara zote hunuka samadi. Mzee mmoja wa Otautau alikuwa ameacha ufugaji, akauza kundi lake dogo, na Alistair akachukua wachache. Mzee alikuwa na ng'ombe wasiofika mia, kwa hiyo namba zake zilikuwa fupi. Kubadilisha hereni ni usumbufu, ng'ombe wanarusha mateke, basi akawaacha na namba zao.

Nikairudia ile namba kichwani: tarakimu mbili. Kwenye mashamba yetu mengine yote, kila ng'ombe ana namba ya tarakimu tatu. Sisi wenyewe tuliwazoesha wafugaji hivyo, zamani, na hakuna aliyekumbuka kwa nini.

Nilipokuwa nafungua mlango wa gari, Rodel alinifuata. Alikuwa ameona nilivyokuwa nikikodolea kioo.

"Mama, ni mimi?" akauliza. "Niambie tu. Kama ni mimi, nijue."

Nikamwambia bado sijui. Ndivyo tunavyojibu sisi watu wa programu. Hatutaji chanzo mpaka tuuone mstari wa programu kwa macho, kwa kuwa tumeaibika mara nyingi kwa kusema upesi. Nikamwambia avumilie, kesho asubuhi kabla ya kikao nitakuwa nimefika. Akanishukuru kwa adabu, akarudi kwa ng'ombe wake. Njia nzima nilijiona nimetenda sawasawa.

Ofisini nilifungua faili ambalo huwa hatulifungui. Programu yetu ina sehemu moja iliyoandikwa na Fergus Dalgleish mwenyewe, mwenye kampuni, enzi ambazo kampuni ilikuwa yeye na gereji ya mama yake. Ni sehemu ya kutafuta ng'ombe kwenye orodha. Haijawahi kuleta shida, kwa hiyo haikuguswa, na Fergus hapendi iguswe. Haikunichukua muda kuupata mstari. Niliutazama, nikajisikia uchovu mpaka kwenye meno.

Nieleze kidogo, maana bila hayo hadithi haisimami. Katika C, kipande cha kumbukumbu ya kompyuta hakijui urefu wake. Ni baiti zimepangana tu, hapa kwetu moja kwa kila tarakimu, na wewe ndiye unayetakiwa kukumbuka kinapoishia. Ukitaka kujua kama vipande viwili ni sawa, kuna amri iitwayo memcmp: unaipa vipande viwili na urefu mmoja, nayo inalinganisha baiti kwa baiti mpaka urefu huo uishe. Vipande viwili, urefu mmoja. Vikilingana urefu, hakuna neno. Visipolingana, utaje urefu upi? Ukitaja ule mrefu, mashine itapitiliza mwisho wa kile kifupi, itaingia kwenye kumbukumbu zisizokuhusu, itasoma takataka, na pengine itaanguka. Ukitaja ule mfupi, haitapitiliza, lakini kile kirefu itakuwa imekiangalia kichwa tu.

Fergus alitaja ule mfupi, kisha hakuuliza kitu kingine. Basi chukua 47 na 473. Nne kwa nne, sawa. Saba kwa saba, sawa. Urefu umekwisha, tumemaliza, ni ng'ombe mmoja. Ile tatu haikuulizwa. Rodel alipobonyeza 473, kisanduku kilianza kutafuta toka juu ya orodha, kikamkuta 47, kikaridhika, kikaandika dawa kwa 47. Wote wawili wakawa wanalindwa na alama moja, na wazima kama 471 na 476 nao wakatengwa bure bila mtu kushtuka, kwa kuwa hakukuwa na rangi ya kuonyesha nani mgonjwa. Ijumaa 47 alipopona kweli, Rodel akaifuta alama kama anavyotakiwa, na 473 akaingia kukamuliwa akiwa na dawa mwilini. Kilichokosekana ni swali moja la kuuliza mapema: urefu wenu ni sawa? Kama si sawa, nyinyi si kitu kimoja, kila mtu aende zake.

Fergus alikuwa bado yupo, anafunga funga vitu vyake. Nikamwita aje atazame.

"Hilo faili nani kakwambia ulifungue?"

"Ng'ombe," nikamwambia. "Kaa chini, mzee."

Akakaa. Alivaa miwani, akasoma mstari wake, na sikuhitaji kumweleza chochote. Fergus ni mjuzi kuliko mimi, hilo nalikubali hata nikiwa na hasira. Alisoma, akasogea nyuma, akavua miwani tena. Nilingoja aseme kitu cha maana. Alichosema ni kwamba tutauweka mstari unaokosekana kwenye toleo la mwezi ujao, pamoja na marekebisho mengine, mashamba yote yapate kwa pamoja. Kimya kimya. Hakuna haja ya kuwatisha watu.

Mimi si mtu wa kupaza sauti, lakini kuna namna ninavyoweka kikombe mezani. Nikamwambia kesho asubuhi kuna mtu anafukuzwa kazi kwa mstari huu. Akauliza nani. Nikamtajia. Nikamtajia na mke, na mabinti, na nyumba, na kibali. Nikamwambia Alistair anashikilia karatasi iliyochapwa na mashine yetu, na sahihi anayoitaka pale chini ni yangu.

Fergus aliivaa tena miwani, akausoma mstari wake upya. Kisha akaanza kunieleza habari ya miaka ya mwanzo, alipopeleka kisanduku chake cha kwanza kwenye shamba huko Gore, mbele ya wafugaji waliokuja kutazama, na programu ikapitiliza mwisho wa namba, ikaanguka, geti likajifunga, ng'ombe wakabanana kwenye mvua na watu wakacheka. Tangu siku hiyo, akasema, hakuwa na hofu nyingine ila hiyo ya kupitiliza. Kila alipoandika alihakikisha anaishia kwenye kifupi.

"Niliogopa kusoma zaidi," akasema. "Haikunijia kabisa kwamba kusoma pungufu nako kunaumiza mtu."

Nikamwonea huruma, ingawa nilikuwa sijamaliza kumkasirikia. Aliuandika mstari unaokosekana yeye mwenyewe, akaujaribu, akaujaribu tena. Kisha akasema kesho tutakwenda wote, niendeshe mimi.

Tulifika Hedgehope kikao hakijaanza. Nilitegemea kukuta sura za msiba. Badala yake jiko la Alistair lilikuwa na joto na harufu nzuri, mkewe Glenys ametoa kwenye oveni ile mikate yetu ya kukunja yenye jibini, na Alistair mwenyewe akatukaribisha kwa uchangamfu ambao sikuwahi kuuona kwake. Rodel alikuwa amekaa mezani na kikombe cha chai mbele yake, kofia gotini. Hakunitazama.

Alistair akasema tumejisumbua bure, kikao hakipo tena. Mambo yamekwisha. Asubuhi baada ya kukamua, Rodel alimfuata mwenyewe, kwa hiari yake, akamwambia ni kweli, alibonyeza namba isiyo ya ng'ombe yule kwa uchovu, na anaomba radhi. Alistair alisimulia hayo kwa kuguswa, na nadhani aliguswa kweli. Kazi hatamfukuza. Usimamizi atampa mtu mwingine, hilo haliepukiki, majirani lazima waone kuna hatua imechukuliwa, lakini Rodel atabaki kama mkamuaji, na nyumba atabaki nayo.

"Mtu anayekiri kosa lake, mimi naweza kufanya naye kazi," akasema. "Uongo ndio siwezi."

 Jana mtu huyu aliniuliza kama ni yeye, nami nilikuwa nimeshaona 476 na 471, nikamjibu kwa tahadhari ya ofisini. Angekuwa na neno langu moja tu la kushika, asingekwenda kukiri. Nilitamani kumshika mkono, sikuthubutu.

Kisha nikamtazama Fergus, na nikajua anawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho. Kila mtu mezani pale alikuwa ameridhika. Mwenye shamba ameridhika, kiwanda kitaridhika, Rodel hapandi ndege. Kilichotakiwa ni Fergus ale mkate wake, asifie mapishi ya Glenys, na baadaye nimsindikize bandani akabadilishe programu kimya kimya kama alivyotaka tangu mwanzo. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufikiria kama ukweli hautamharibia Rodel kile kidogo alichokipata.

Fergus akaisogeza sahani yake pembeni. Akachukua kijiko cha chai na kisu cha mkate, akavilaza mezani sambamba, mwanzo wa kijiko usawa na mwanzo wa kisu. Akamwambia Alistair aangalie kuanzia huku mpaka kijiko kinapoishia.

"Ukiangalia mpaka hapa tu, utasema vina urefu mmoja," akasema. "Mashine yangu inaangalia mpaka hapa tu. Ndivyo nilivyoiandika mimi. Kijana alibonyeza namba sahihi."

Akaeleza mengine yote, 47 na 473 na alama moja ya ng'ombe wawili, bila kujitetea hata kidogo. Nikaongeza niliyoyaona getini. Fergus akasema ataandika barua kwa kiwanda na kwa kila jirani, jina lake liwe chini.  Glenys alimtazama Rodel, akaweka mkono mdomoni, na yeye ndiye wa kwanza kusema samahani. Nilidhani wa pili angekuwa mumewe.

Alistair hakumgeukia Fergus, ingawa Fergus ndiye aliyekuwa amemharibia jina. Alimgeukia Rodel. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira.

"Kwa hiyo asubuhi ulinidanganya."

Rodel akakiri. Akasema Marivic alimwomba jana usiku. Alimwambia, sema ni wewe, tusiwatoe watoto shule, heshima tutaitafuta baadaye. Alijaribu kumweleza mkewe kwamba alibonyeza tatu, na mkewe akamjibu kwamba hata kama alibonyeza, nani atamwamini? Na yeye mwenyewe, akasema, alikuwa ameshaanza kutojiamini.

 Alistair akasema usimamizi unarudi kwa Rodel, hilo halina mjadala, haki ni haki. Lakini alikuwa anasema huku akitikisa kichwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa kitu.

"Ila sasa nitajuaje, Rodel? Ukiniambia jambo kesho, nitajuaje kama ni kweli?"

Rodel aliinuka na kikombe chake. Alikipeleka kwenye sinki, akakisuuza, akakifuta, akakirudisha mahali vikombe vingine vilipo. 

"Bosi, nilikwambia ukweli tangu Ijumaa mpaka jana, ukanijibu kwa karatasi," akasema. "Leo nimekudanganya mara moja, ukanipa chai."

Akavaa kofia yake, akamshukuru Glenys, akatoka kwenda kwa ng'ombe.